Kuku Wangu wa Omega Tatu

Jumanne, Septemba 9

Leo nimeingia ile supamaketi mpya ya mjini. Kununua? Mungu aepushe. Kukagua tu. Mtu mzima lazima ajue anaibiwa wapi.

Nimekuta unga wa muhogo. Kifuko kidogo, kidirisha cha plastiki, maandishi ya dhahabu: Hauna Ngano. Muhogo hauna ngano! Na mimi sina mkia, mbona sijaandikwa kifuani? Kwa bei ile unapata debe zima la makopa ya muhogo mkavu kijijini Nanguruwe, na mwenye shamba anakubebea hadi kituoni.

Pembeni, korosho. Nimezihesabu kupitia plastiki: kumi na nne. Zimezaliwa hapa hapa Mtwara, zikapanda lori kwenda Dar es Salaam kuvalishwa nguo, zimerudi hazitujui. Kuna maji ya dafu yenye tarehe ya kufa. Kuna mkate usio na ngano, uliomwagiwa chakula cha njiwa. Kuna maziwa ya lozi. Nimeligeuza boksi pande zote nione lozi hukamuliwa wapi. Hawajaonyesha.

Kwenye rafu ya mayai nikagongana na Bi Mwanakombo wa Mikindani. Huyu si wa kugongana naye ovyo. Ni mama yake Thabiti, na Thabiti ndiye aliyeleta barua ya posa kwa binti yangu Farida mwezi uliopita. Wanapendana tangu chuo cha ualimu, miaka mitatu sasa. Jibu tumeshatoa. Kilichobaki ni mama kuja kumwona binti na kuridhia. Na hapo ndipo penye mlima, maana Bi Mwanakombo ni kiongozi wa kikundi cha akina mama kinachoitwa Kula Safi. Hawali sukari. Hawali ngano. Hawali chochote ambacho bibi zao wasingekitambua, isipokuwa mbegu za chia, ambazo bibi zao hawakuwahi kuziona. Posa ya kwanza ya Thabiti, kabla ya Farida, aliivunja mama huyu mwenyewe, kisa nyumba ya binti iliwakaribisha kwa soda na chipsi.

Alikuwa ananusa trei ya mayai. Akalalamika kwamba siku hizi kila yai linaitwa kienyeji, na kwamba angempata mtu muungwana mwenye kuku wake mwenyewe, angetulia roho. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi ninao. Akauliza wangapi. Nikasema thelathini. Nikaona haitoshi, nikaongeza majogoo.

Akamshukuru Mola palepale mbele ya siagi. Anataka trei moja keshokutwa.

Sina kuku. Nilikuwa naye mmoja, akagongwa na bodaboda mwaka juzi.

Jumatano, Septemba 10

Nimemweleza Somoe, mke wangu. Ameniuliza swali moja tu: kuku gani? Nikamwambia asiingie kwenye mambo madogo madogo. Akasema njia ya mwongo fupi, akaendelea kuchambua kisamvu.

Mimi ni karani wa wakala wa forodha pale bandarini. Msimu wa korosho haujafunguliwa, malori hakuna, mihuri imekauka. Kwa hiyo nina muda mwingi wa kufikiri. Somoe anasema balaa zetu zote huanzia Septemba.

Nimekwenda kwa jirani yangu Faraji kununua mayai. Faraji anafuga kuku weupe wa kisasa mia mbili, na harufu yao tunaipata mtaa mzima bila ubaguzi. Tangu aanze kuuza mayai yake kule supamaketi hasemi tena "mayai". Anasema "mzigo". Anachomeka kalamu sikioni hadi msikitini. Nikamwomba trei ya mayai madogo. Akauliza tangu lini mteja anachagua madogo, au naumwa? Nikasema daktari ameshauri. Akanitazama kama mtu anayesoma mita ya umeme.

Sasa, kila mtu mjini anaijua siri hii, ila hakuna anayekiri: yai jeupe la kisasa ukililoweka kwenye chai, linaamka kienyeji. Rangi ileile ya udongo. Nikangoja Somoe aende kwenye kikao chake cha akina mama. Nikabandika sufuria, nikatia majani yote ya chai, nikatumbukiza mayai kumi na moja kwa majaribio.

Rangi ikatoka safi kabisa. Nikafurahi. Nikalivunja moja nihakikishe. Limeiva! Yote kumi na moja yameiva! Nani aliyesema chai ichemke? Hakuna aliyesema. Na hakuna aliyesema isichemke, ndiyo kasoro ya siri za mjini.

Ushahidi ikabidi niule. Mayai kumi na moja, bila chumvi, maana chumvi Somoe anaificha tangu nilipopimwa presha. La tisa lilinitoa machozi.

Nikamrudia Faraji kwa kumi na moja mengine. Alitabasamu tu, na hilo ndilo lililoniuma. Majani ya chai yalikuwa yameisha, kwa hiyo nikatumia chai ya asubuhi iliyobaki kwenye chupa, ikiwa vuguvugu. Rangi nzuri zaidi! Nimejipongeza.

Alhamisi, Septemba 11

Nimeamka na kukuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye trei. Chai ya Somoe ina sukari. Ina iliki. Ina mdalasini na tangawizi. Mayai yananata na yananukia kama nyumba ya harusi.

Nimeyafuta moja moja kwa kanga kuukuu. Harufu imegoma kutoka. Nimeyapeleka Mikindani hivyohivyo.

Bi Mwanakombo akalipokea yai la kwanza, akalinusa. Akafumba macho. Nikatazama mlango uko upande gani. Akauliza kuku wangu wanakula nini. Nikasema kila mmoja hula kwa kadiri ya tabia yake. Akasema yai hili lina harufu ya shamba la viungo. Kisha akamwona sisimizi mmoja anatembea juu ya trei. Nikajua mambo yameisha.

Akawaita wenzake wawili waje kumwona sisimizi. Akawaeleza kwamba mdudu hasogelei chakula chenye sumu, kwa hiyo huyo ni cheti. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akampiga picha.

Nimerudi nyumbani kwa miguu sehemu ya njia kwa furaha tu.

Ijumaa, Septemba 12

Baada ya swala ya Ijumaa ukaingia ujumbe wa sauti. Dakika nne. Bi Mwanakombo anasema tangu ale yale mayai magoti hayamuumi. Anasema kikundi kizima kinataka. Anasema Jumamosi ya tarehe ishirini watakuja, yeye na wenzake wawili, kumwona Farida rasmi, na papo hapo awaone kuku kwa macho yake.

Nimeusikiliza mara tatu nikitumaini mwisho utabadilika.

Farida amenifuata uani nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Baba, nakuomba kwa jina la Mungu, siku hiyo usiseme kitu." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilijisikia vibaya sana, vibaya kwelikweli, kama dakika kumi hivi. Halafu likanijia wazo.

Jumatatu, Septemba 15

Wazo: kuku wa kuazima! Watu wanaazimana viti, maturubai, masufuria ya shughuli. Kuku ana nini?

Mama Sharifa, jirani wa kulia, anao kumi na watatu. Amekubali kwa sharti kwamba magharibi iwakute kwake. Gideoni seremala, wa ng'ambo ya barabara, anao kumi na watano pamoja na jogoo. Amekubali akicheka, ila akanionya niwafunge kamba, kuku wa kienyeji hana adabu ya ugenini. Nikamweleza kwa upole kwamba zama zimebadilika. Hawa akina mama wa Kula Safi wanataka kuku huru. Kuku aliyefungwa yai lake lina huzuni. Nimelisoma hilo kwenye boksi pale supamaketi, au karibu na hilo. Gideoni akasema sawa, Baba Farida, wewe ndiye msomi.

Wawili wanapungua thelathini itimie. Faraji sikumwomba. Wake ni weupe kama karatasi, na mwenyewe asingekaa kimya.

Alhamisi, Septemba 18

Tatizo. Kuku wa mtaa huu wana alama. Kila mwenye kuku amefunga kitambaa mguuni ili wasichanganyike: wa Mama Sharifa chekundu, wa Gideoni cha buluu. Nilisema nivitoe. Mama Sharifa akasema kitambaa kikitoka na kuku hatoki. Basi vibaki. Nitajua la kusema.

Ugomvi mdogo kuhusu chakula cha wageni. Somoe anataka kupika ming'oko, ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na changu wa kukaanga. Ming'oko! Mizizi ya porini, inayouzwa kwenye ndoo kando ya barabara, umlishe mwanamke anayekula mbegu kutoka ng'ambo! Nilicheka hadi nikakohoa. Nimekwenda supamaketi, nimerudi na mkate wa njiwa, maziwa ya lozi, na kitu cha kijani ndani ya kopo ambacho nilikichukua kwa sababu ya bei. Kitu cha bei ile hakiwezi kuwa kibaya.

Somoe amekionja. Amelifunika kopo tena taratibu, kama anayefunika maiti.

Jumamosi, Septemba 20



Saa nane mchana kuku wote wameshaletwa uani. Ishirini na nane, wanachakura, wanapendeza. Mfugaji kamili! Nimevaa kanzu na kofia ya Idi, nimeshika bakuli la mtama. Hesabu yangu ilikuwa wageni waje saa tisa, wale kidogo, waone kuku, na kabla ya saa kumi na moja wawe njiani kurudi Mikindani.

Wamefika kwa wakati. Bi Mwanakombo akaketi na wenzake mkekani. Farida akaja kusalimia, amejitanda kanga mpya, shikamoo yake ikamtoka vizuri. Bi Mwanakombo akamshika mkono asiuachie. Moyo wangu ukatulia.

Nikaleta mkate na maziwa ya lozi. Wakala kwa adabu. Nikafungua lile kopo la kijani. Wakala kwa adabu zaidi, yaani hawakula. Bi Mwanakombo akauliza kuhusu vitambaa vya miguuni, kwa nini vyekundu na vya buluu.

Usiseme kitu, aliniambia mwanangu. Nami nilikusudia hivyo, wallahi.

Nikasema wa kitambaa chekundu ni wa protini. Wa buluu ni wa omega tatu.

Wageni wakatazamana. Mmoja akauliza nini kinatokea wakipandana. Nikasema hapo unapata yai la watoto. Yule mama akatoa simu akaandika! Farida alikuwa mlangoni, nikamwona anaziba uso kwa kanga.

Bado ningenusurika. Ilikuwa saa kumi na nusu, wageni wameanza kutafuta viatu. Hapo Somoe, bila kunishauri, akatoka jikoni na sinia. Ming'oko imechemshwa, ya moto, chumvi na pilipili pembeni. Nyuma yake ugali, kisamvu, changu. Nilimkonyeza arudishe. Akaniangalia kama siko.

Bi Mwanakombo akaukodolea macho ule mng'oko. Akaumenya kwa vidole, akachovya, akala. Akaumenya mwingine. Akavua bangili akaziweka kando. Yule kiongozi wa Kula Safi akamega ugali tonge la kujenga nyumba. Akasema mara ya mwisho kula ming'oko ya kupikwa hivi mama yake alikuwa hai. Wenzake vinywa havikuwa na nafasi. Ikafika saa kumi na moja. Ikafika na nusu. Nikawa nakohoa, naangalia saa, natangaza kwamba magari ya Mikindani huwa shida jioni. Hakuna aliyeinua kichwa. Somoe akaongeza kisamvu.

Jua likashuka nyuma ya paa la Gideoni. Jogoo akanyoosha shingo. Kisha, pasipo kuaga, akatoka getini. Wa buluu wakamfuata mmoja mmoja, wakavuka barabara moja kwa moja hadi kwa Gideoni. Wa kitambaa chekundu wakajipenyeza ua wa kulia kuelekea kwa Mama Sharifa. Hawakukimbia. Walikwenda kama wafanyakazi wanaotoka zamu bandarini.

Bi Mwanakombo akauliza kuku wanakwenda wapi. Nikasema mazoezi ya jioni. Kuku asiyetembea yai lake lina mafuta mabaya.

Ndipo ng'ambo ya ua ikasikika sauti ya Mama Sharifa akihesabu. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akapaza sauti: "Baba Farida! Mmoja wangu hajarudi, au wageni wako wameshamla?"

Uani hakukubaki hata unyoya. Palikuwa na mimi, kanzu, na bakuli la mtama.

Na kama hiyo haitoshi, getini akatokea Faraji, kalamu sikioni, trei mkononi. Akawasalimia wageni kwa heshima zote. Akasema ameona niletewe mapema mzigo wa wiki hii, yale madogo meupe ninayoyapenda, ya kutia kwenye chai.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Ilinishika shingoni ikapanda hadi masikioni. Farida akaingia ndani, na mlango wa chumba chake nikausikia ukifungwa taratibu. Miaka mitatu ya mtoto wangu, nimeiuza kwa sifa za kuku. Nililijua hilo wakati ule, nikalijua hasa, nikatamani ardhi ipasuke.

Bi Mwanakombo akanawa mikono. Akavaa bangili zake, moja, mbili, tatu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Baba Farida." Kisha akamgeukia Somoe, akamwomba amfungie ming'oko iliyobaki. Wakaondoka.

Kuku wa kumi na tatu wa Mama Sharifa nimemkuta ndani ya kapu langu la nguo. Ametaga. Yai la kienyeji, halisi, la kwanza katika mkasa huu wote. Mama Sharifa amelichukua pia.

Jumapili, Septemba 21

Hakuna anayenisemesha. Chai nimepewa bila sukari na bila viungo. Nimeelewa ujumbe.

Saa nne akaja mshenga. Mzee huyu hutembea polepole makusudi, nadhani analipwa kwa hatua. Akakaa. Akanywa maji. Akauliza habari za ndugu ambao hata mimi nimewasahau. Farida alikuwa amesimama nyuma ya pazia, naona vidole vya miguu yake tu.

Hatimaye akasema. Bi Mwanakombo ameridhia. Amesema Thabiti haoi mayai. Amesema binti aliyefundwa na mama mwenye mkono ule hawezi kuachwa aende nyumba nyingine. Harusi baada ya msimu wa korosho.

Pazia likapiga kigelegele. Somoe akalia, nami nikalia, tena kwa sauti. Nilikuwa nimeogopa sana.

Kuna sharti moja. Siku ya harusi, baba wa bibi harusi asionekane jikoni, asinunue chakula, asielezee chakula, na asiulizwe chochote kuhusu chakula. Atasimamia viti.

Viti! Mimi, niliyewatoa maumivu ya magoti! Nimemwambia mshenga kwamba bila kuku wangu wale akina mama wasingekaa hadi jioni, na bila kukaa wasingeshiba, kwa hiyo ukifuatilia vizuri harusi hii nimeiunganisha mimi. Mshenga akaomba maji tena.

Faraji ameleta trei ya mayai kama zawadi ya kumpongeza Farida. Juu yake ameweka pakiti ya majani ya chai. Mtu mdogo sana yule.

Jumatano, Septemba 24

Siku tatu za kutafakari. Kazini kimya, mihuri bado mikavu. Nimejichunguza nafsi kwa ukweli, nimeona nilipokosea, na sitarudia.

Kosa lilikuwa kuku.

Wale wageni walisahau mkekani kikopo cha mbegu za chia. Nilizimwagia maji kidogo kwa udadisi tu. Zikavimba, zikawa na utelezi. Nikashtuka. Mbona kivumbasi kilichojiotea nyuma ya choo chetu mbegu zake hufanya vilevile? Nyeusi, ndogo, zinavimba, zina utelezi. Nimeziweka kwenye mabakuli mawili sambamba. Somoe mwenyewe hakuweza kuzitofautisha, ingawa alikataa kutazama.

Leo mchana nimekwenda kuonana na meneja wa supamaketi. Kijana mstaarabu, ametoka Dar es Salaam, ana wiki tatu tu hapa. Nikamweleza kwamba chia yake inasafiri mbali bure wakati ipo inayolimwa Mtwara hii hii, haina dawa, haina ngano. Akachangamka sana aliposikia haina ngano. Akauliza nalima wapi. Nikasema Nanguruwe. Akauliza ekari ngapi. Nikasema tatu. Nikaona haitoshi, nikasema saba.

Anakuja kuliona shamba Jumamosi.

Jioni nimevuka barabara kuzungumza na Gideoni. Ana shamba la mbaazi hukohuko Nanguruwe, bado halijafyekwa, na meneja hawezi kuujua mbaazi hata ukimwangukia. Nitaliazima kwa siku moja tu. Gideoni akauliza kama kweli sikujifunza kitu Jumamosi ile.

Nimejifunza sana. Mbaazi haurudi kwao magharibi.